Kisiwa Kilichoanzia Ihangiro: Riwaya ya Kitereza na Uandishi wa Historia ya Ukerewe

4.1 Utangulizi

Sehemu hii inahakiki namna historia ya Ukerewe inavyosimuliwa katika riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali (1980), ikilinganishwa na simulizi za Abasilanga, ukoo uliokitawala kisiwa hicho, pamoja na maandishi ya wanahistoria. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Viktoria, na hadi mwishoni mwa karne ya 19 kilikuwa dola iliyojitawala chini ya Omukama wake. Kwa hiyo neno “taifa” linatumika hapa kwa maana yake ya kawaida: watu wenye lugha yao, mtawala wao, mipaka yao (ambayo karibu yote ilichorwa na maji), na kumbukumbu ya pamoja kuhusu walikotoka. Kumbukumbu hiyo ya walikotoka ndiyo inayoifanya mada hii iwahusu wasomaji wa Bukoba na Muleba kwa namna ya pekee. Simulizi za Abasilanga zinasema kuwa mtawala wao wa kwanza, Katobaha, alivuka ziwa akitokea Ihangiro, nchi ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba.

Tangu ilipochapishwa, riwaya ya Kitereza imekuwa ikisomwa mara nyingi kama ghala la mila. Husifiwa kwa utajiri wa methali, tiba, kilimo, uvuvi na taratibu za ndoa, kisha huwekwa nje ya historia kana kwamba watu wake waliishi kabla wakati haujaanza kuhesabiwa. Mtafiti hakubaliani na usomaji huo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba riwaya hii ni kitabu cha historia kilichokataa kuwa historia ya wafalme. Kukataa huko kumekipatia kitabu nguvu yake, lakini pia kumekitoza gharama, na gharama hiyo haijajadiliwa kwa uzito unaostahili.

4.2 Mtumbwi wa Katobaha

Ni vema kuanza na mtumbwi wenyewe, kwa sababu kila historia ya Ukerewe iliyoandikwa huanza nao. Masimulizi yanamweka Katobaha na wenzake majini, wakitoka magharibi, wakitafuta nchi. Wanafika, wanakaa, na ukoo wao unapata utawala. Gerald Hartwig, ambaye utafiti wake ulizaa kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu Wakerewe na biashara ya masafa marefu, aliyachukua masimulizi hayo kuwa msingi wa mfuatano wa watawala: Katobaha, wajukuu na vitukuu wake, Mihigo, Machunda, hadi Rukonge aliyeondolewa na Wajerumani mwaka 1895.

Tatizo la mtumbwi huu ni kwamba unabeba mzigo mkubwa kuliko ukubwa wake. Simulizi zenyewe zinakiri kuwa waliofika walikuta watu. Na ingawa Wahaya wengi wangependa kuamini kuwa Kikerewe ni Kihaya kilichovuka maji (mazungumzo ya namna hiyo husikika mara kwa mara katika vijiwe vya Muleba, tena kwa fahari isiyofichika), lugha haihami kwa chombo kimoja. Kikerewe ni ndugu wa Kihaya, Kizinza, Kinyankore na Kinyoro, katika kundi ambalo wanaisimu huliita Rutara. Undugu wa lugha tano zilizotapakaa kuanzia Bunyoro hadi kusini mwa ziwa unahitaji muda mrefu na watu wengi. Hauwezi kuelezwa kwa safari ya familia moja ya kitawala. Wakulima na wafua vyuma walikuwapo kando ya ziwa hili miaka kama elfu mbili iliyopita. Uchimbuzi wa Peter Schmidt huko Katuruka na Kemondo, kusini mwa mji wa Bukoba, ulithibitisha hivyo kwa vigae vya vyungu vya Urewe na mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma. Ihangiro iliyomtoa Katobaha yenyewe ilikuwa nchi ya zamani sana.

Kwa hiyo Katobaha hakuwa mwanzo wa watu wa Ukerewe. Alikuwa mwanzo wa utawala wa ukoo mmoja, na ukoo huo ndio uliokuwa na sababu na uwezo wa kulifanya tukio hilo kuwa mwanzo wa wote. Jambo hili si geni katika uandishi wa historia wa eneo letu. Ni desturi ya ikulu kuanza hesabu pale inapoanza ikulu. Onyo hilohilo linahusu majina. Wilayani Muleba kuna kisiwa na kata iitwayo Kerebe, na msomaji mwenye pupa anaweza kulifanya jina hilo kuwa ushahidi wa safari ya Katobaha. Kufanana kwa majina peke yake hakuthibitishi chochote.

4.3 Kaya badala ya ikulu

Sasa tumweke Kitereza mbele ya desturi hiyo. Alizaliwa mwaka 1896, mwaka mmoja baada ya Rukonge kuondolewa, ndani ya ukoo uleule wa Abasilanga, na utotoni alikaa katika ikulu ya Mukaka, aliyetawazwa na Wajerumani kushika nafasi ya Rukonge. Mtu wa asili hiyo, aliyejua kusoma na kuandika kuliko karibu wenzake wote wa kisiwa, angetarajiwa kuandika orodha ya Abakama. Badala yake alimaliza, mwaka 1945, masimulizi marefu ya mume na mke wasio na mtoto.

Msuko wake unajulikana. Bugonoka anachukuliwa na wazazi wake kutoka kwa mumewe kwa sababu ndugu za mume wamemtukana kwa ugumba. Myombekere anakwenda ukweni kujieleza, wakwe wanamtoza pombe ya ndizi, anahangaika kuipata, anamrudisha mkewe, wanatafuta tiba, na hatimaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na wa kike, Bulihwali. Msomaji anayetafuta matukio makubwa atakata tamaa mapema. Lakini msomaji anayeuliza nchi hii iliendeshwaje atagundua kuwa faini ile ya pombe ndiyo sheria, na kwamba kikao cha wakwe ndicho mahakama. Hakuna askari anayetumwa, hakuna amri ya Omukama inayosomwa, ila mtu mzima mwenye nyumba yake anatii, anafunga safari, anaomba radhi na kulipa. Hapa Kitereza anaeleza jambo ambalo orodha ya watawala haiwezi kueleza: kwa nini kisiwa kilikalika hata pale wakuu walipokuwa wakigombana.

Aidha, ugumba katika riwaya hii hauwezi kusomwa kama msiba wa watu wawili tu. Katika jamii ambayo shamba, jina na matambiko hupita kwa watoto, nyumba isiyo na mtoto ni historia inayokatika. Swali la Myombekere ni lilelile la kila dola ya kisiwani: nani atabaki baada yetu? Mtafiti anafahamu kuwa wapo wanaolieleza jambo hili kwa wasifu wa mwandishi, kwa kuwa Kitereza na mkewe Anna Katura walizika watoto wao wakiwa wadogo. Wasifu huo ni wa kweli na unaumiza. Hata hivyo, unaeleza chimbuko la uchungu, hauelezi umbo la kitabu. Waliofiwa na watoto ni wengi; walioamua kuusimulia ulimwengu wote wa kisiwa kupitia kitanda kisicho na mtoto ni wachache mno.

Ulinganisho wa mbali kidogo unaweza kusaidia. Iceland, kisiwa cha Atlantiki ya kaskazini kilichoanza kukaliwa na wahamiaji katika karne ya 9, kinahifadhi kumbukumbu yake ya kale katika masimulizi ya familia za wakulima: ndoa zao, mashamba yao, ugomvi na fidia zake. Huko hakukuwa na mfalme wa kusimuliwa, na hakuna mtu anayesema kuwa masimulizi hayo si historia kwa sababu yanazungumzia ng’ombe na wakwe. Ukerewe ilikuwa na mfalme. Kitereza aliamua kumwacha pembeni, na uamuzi huo una uzito mkubwa zaidi kuliko kukosa cha kuchagua.

4.4 Majina yanayosikika kutoka Muleba

Katika hatua hii msomaji anayejua Kihaya ana nafasi ambayo wahakiki waliotegemea Kiswahili peke yake, au tafsiri za Kiingereza na Kijerumani, hawana. Kiswahili cha toleo la 1980 ni tafsiri ya mwandishi mwenyewe kutoka katika mswada wake wa Kikerewe, na majina ya wahusika yalibaki bila kuguswa. Majina hayo ndiyo sehemu ya mswada wa asili iliyomo mikononi mwa kila msomaji.

Katika jina Myombekere sikio la Mhaya linasikia kitenzi okwombeka, kujenga. Huyu ni mtu wa kujenga mji wake, na riwaya inaanza akiwa na mji unaobomoka. Ntulanalwo lina okutura, yaani kukaa au kuishi mahali, na kiambishi cha mwisho kinachorejelea nomino ya ngeli ya orufu, kifo. Jina zima linasema: naishi nacho. Bulihwali lina mzizi -hwa, kwisha, likiuliza huzuni itakwisha lini. Wazazi wamempata mtoto waliyemlilia kwa miaka, nao wanampa jina la kifo. Asiyejua desturi anaweza kuona hapa mkosi au ushirikina. Kwa mwenyeji wa Bukoba au Muleba hakuna fumbo: majina ya namna hiyo yamo katika koo zetu, na kila moja ni taarifa fupi ya kilichoipata nyumba kabla mtoto hajaja.

Kwa maneno mengine, jina ni kumbukumbu ya kihistoria iliyofungwa ndani ya mtu. Riwaya haina tarehe hata moja ya kalenda, lakini ina majina, na kila jina linaweka tukio kabla na tukio baada. Huu ndio ushahidi wa wazi zaidi kwamba madai ya “kutokuwa na wakati” katika kazi hii ni ya haraka. Wakati upo, ila unahesabiwa kwa misiba, mimba na misimu ya kulima.

Kuna jambo moja zaidi la kijiografia. Mwaka 1909 Kitereza alipelekwa Seminari ya Rubya, katika nchi ya Ihangiro, na alikaa huko kwa takribani miaka kumi akisoma Kilatini, falsafa na teolojia. Kijana wa Abasilanga alirudi, kwa njia ya shule ya Wamisionari wa Afrika, mahali ambako mtumbwi wa Katobaha unasemekana ulitokea. Alikuwa upande huu wa ziwa wakati majeshi ya Waingereza yaliposhambulia Bukoba mwezi Juni 1915. Lugha aliyoisikia nje ya darasa ilikuwa ndugu ya lugha ya mama yake. Ni vigumu kuamini kuwa miaka hiyo haikumfundisha kuisikia lugha yake kwa umbali, kama mtu anayetazama sura yake katika sura ya binamu. Hili ni dhana ya mhakiki, wala halidaiwi kuwa zaidi ya hapo. Lakini wasifu wa Kitereza unapoandikwa, Rubya hutajwa kama shule tu, na hilo ni pungufu.

4.5 Lwamgira upande wa pili

Miaka minne baada ya Kitereza kumaliza mswada wake, ng’ambo ya magharibi, Francis Xavier Lwamgira alichapisha kwa Kihaya kitabu chake cha historia ya Kiziba na Abakama wake (1949). Lwamgira alikuwa mtu wa utawala, mashuhuri katika Bukoba ya wakati wa Wajerumani na wa Waingereza, na kitabu chake kinafuata njia ya ikulu: mtawala baada ya mtawala. Kazi hizi mbili ni za kizazi kimoja, katika lugha za kundi moja, na zote mbili ziliandikwa na Waafrika waliohofia kupotea kwa kumbukumbu. Zinapaswa kusomwa pamoja, na kwa kawaida hazisomwi hivyo, kwa kuwa moja huwekwa rafu ya historia na nyingine rafu ya fasihi.

Tukizisoma pamoja, upungufu wa kila moja unaonekana. Kwa Lwamgira mtu wa kawaida ni vumbi la safari ya Abakama. Kwa Kitereza, dola ni kelele ya mbali. Na hapa ndipo gharama iliyotajwa mwanzoni inapodai malipo. Karne ya 19 haikuwa karne tulivu Ukerewe. Hartwig ameonyesha jinsi biashara ya pembe za ndovu ilivyobadili uhusiano wa Omukama na raia, na jinsi utumwa wa ndani ulivyochukua sura mpya kadiri mahitaji ya nguvu kazi yalivyokua. Mambo haya siyo mhimili wa riwaya. Kaya ya Myombekere inajitosheleza mno. Jasho lake ni lake, na shamba lake ni lake. Msomaji hana budi kuuliza ni nani katika kisiwa hicho hakuwa na kaya ya kusimuliwa. Mwandishi aliyekaa ikulu utotoni ameandika sifa za nyumba ya mtu wa kawaida, na kwa kufanya hivyo ameisafisha nchi ya babu zake.

Mtafiti haoni kuwa hoja hii inaishusha riwaya. Inaitoa tu katika kabati la makumbusho na kuirudisha katika mjadala, mahali pa kitabu chochote kikubwa.

4.6 Mwaka 1875

Jambo moja linatosha kuonyesha kilichoachwa nje. Mwezi Aprili 1875, Henry Morton Stanley alizuiwa na watu wa kisiwa cha Bumbire, ambacho leo ni kata ya Muleba, akatoroka kwa shida. Akaenda kwa Rukonge wa Ukerewe kuomba vyombo, akapewa mitumbwi, nayo ikasaidia kuuhamisha msafara wake kuelekea magharibi. Tarehe 4 Agosti alirudi Bumbire na bunduki akawapiga watu waliokuwa ufukoni kwa mikuki, mishale na mawe, yeye akiwa majini, mbali na silaha zao. Yeye mwenyewe aliandika kuwa Bumbire ilikuwa chini ya Antari, mtawala wa Ihangiro.

Tuyaunganishe sasa. Mtawala wa ukoo uliojiita wa Ihangiro alitoa mitumbwi, na mitumbwi hiyo ikawa sehemu ya safari iliyoishia kwa kuuawa raia wa Ihangiro. Hakuna dalili kwamba Rukonge alikusudia hivyo. Alikuwa akifanya siasa ya mtawala wa kisiwa, ya kumtumia mgeni kabla mgeni hajamtumia. Miaka miwili baadaye, Desemba 1877, wamisionari Shergold Smith na O’Neill waliuawa kisiwani kwake, na tangu hapo jina lake likaandikwa Ulaya kama jina la mhalifu. Vitabu vya Kiingereza vinalisimulia tukio la 1875 kama safari ya Stanley. Simulizi za Ukerewe zinamkumbuka Rukonge. Bumbire inabaki bila msimulizi katika pande zote mbili, na riwaya ya Kitereza, ambayo kwa dalili zote inahusu wakati wa kabla ya wageni, inafunga mlango hatua chache kabla ya siku hiyo.

Undugu wa asili, kwa hiyo, haukuzuia jambo lolote. Hii ni hoja muhimu kwa wale wanaoitumia safari ya Katobaha kama hati ya udugu wa kudumu baina ya pande mbili za ziwa.

4.7 Baada ya riwaya

Kipindi cha baadaye kinaweza kupitiwa kwa haraka, kwa kuwa riwaya haikigusi. Chini ya Wajerumani na Waingereza Abakama waliendelea kuwapo kwa ridhaa ya serikali, na Tanganyika huru ikafuta utawala wa machifu mwaka 1963. Kisiwa kikawa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, Nansio yakiwa makao yake. Mipaka ya mikoa ikakamilisha kile ambacho maji hayakuwahi kukifanya: Ukerewe na Muleba sasa zina ripoti tofauti, nyaraka tofauti na watafiti tofauti. Kinachoendelea kuziunganisha ni vyombo vya majini na misiba yake, MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018.

Safari ya mswada wenyewe ni sehemu ya historia hii na inastahili nafasi zaidi kuliko inavyopewa. Ulimalizika mwaka 1945 kwa lugha ambayo wachapishaji waliiona kuwa na wasomaji wachache mno. Padri Almas Simard, aliyemtia moyo mwandishi, alifariki bila kuuona ukichapwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald na Charlotte Hartwig walimshawishi Kitereza autafsiri kwa Kiswahili, naye, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, akafanya kazi hiyo. Tanzania Publishing House ikautoa kwa juzuu mbili mwaka 1980, na mwandishi akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia. Baadaye Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, aliutafsiri kwa Kiingereza (2002) akirejea kwenye Kikerewe.

Kwa hiyo kitabu kinachosomwa katika vyuo vyetu kama riwaya ya Kiswahili ni kitabu kilicholazimika kuvuka lugha ili kiokoke. Tathmini za kimtindo zinazolaumu urefu wa maelezo yake, au kurudiarudia kwake salamu na taratibu, mara nyingi zinakipima kwa kanuni za riwaya ya pwani. Mtu aliyewahi kukaa ukweni Nshamba au Kamachumu atatambua kwamba salamu ndefu si mapambo ya masimulizi. Ndiyo kazi yenyewe inayofanyika kabla shida haijatajwa, na mgeni anayeifupisha huwa ameshaharibu alichokuja kuomba. Kitereza alilijua hilo, na alimwachia Myombekere muda wote aliouhitaji.

Sehemu inayofuata inachukua sura za safari ya ukweni na kuzilinganisha, sentensi kwa sentensi, na mazungumzo ya posa na upatanisho yaliyorekodiwa kwa Kihaya katika vijiji vya Ihangiro.